Dinari Mbili Zimekwisha

Hakuna mhubiri wa Kiswahili, awe katekista wa kigangoni au askofu mwenye fimbo, ambaye hajawahi kuhubiri Msamaria Mwema. Tumemsifu kwa punda wake, kwa mafuta yake na divai yake. Tumemsema vibaya kuhani, tumemsema vibaya Mlawi, tumekusanya sadaka, tukaenda zetu kula. Lakini fungueni tena Luka sura ya 10 mtazame mwisho wa habari ile. Kuna mtu pale hatumhubiri kamwe: mwenye nyumba ya wageni. Hana jina, hana kabila, hasemi neno hata moja. Msamaria alimfikishia majeruhi, akalala usiku mmoja, kulipokucha akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi siku atakayorudi, akashika njia. Luka hatuambii kama alirudi. Basi nani alibaki na mgonjwa? Nani alifungua vitambaa vya vidonda siku ya pili, na ya tatu, na ya kumi? Na dinari zile zilipokwisha, nani aliamua kama mtu yule aendelee kulala kitandani au atolewe nje?

Ndugu zangu wa Goma na Bukavu, wa Uvira na Kalemie, wa Kigoma, Kasulu na Kibondo, na ninyi wa Cibitoke ng'ambo ya Rusizi: mwenye nyumba huyo ni sisi.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye, tarehe 27, wapiganaji wa M23 wakaingia Goma. Ziwekeni tarehe hizo mbili pamoja mzitazame vizuri. Mwaka uliotangulia, Marekani peke yake ilikuwa imebeba kiasi cha asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura nchini Kongo. Mfuko umefungwa, na siku saba tu zimepita, mizinga ikafika mjini. Kambi zilizouzunguka mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, Rusayo, Mugunga, zilikuwa zimehifadhi mamia ya maelfu ya watu waliotoka Masisi na Rutshuru. Mwezi wa Februari watawala wapya wakawapa saa 72 waondoke. Turubai zikakunjwa, miti ya vibanda ikabebwa mgongoni, watu wakarudi kwenye vijiji ambako wengi hawakukuta nyumba. Katikati ya mwezi huo huo Bukavu nayo ikaanguka. Makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi, wengine wakiuvuka mto Rusizi kwa miguu, na si wote waliotoka majini. Waliotoka walilazwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo.

Msamaria ameondoka. Tusimtukane, maana alipokuwapo alitunza wengi, na baadhi ya watumishi wake wamebaki hadi leo wanafanya kazi mikono mitupu. Watu wametia saini mapatano ya amani Washington mwezi wa Juni 2025, wametia saini Doha mwezi uliofuata. Saini ni njema, lakini hazijamfikisha kila mama kwenye shamba lake. Dinari zimekwisha na mgonjwa yuko sebuleni kwetu.

Nikisema sebuleni sisemi kwa mafumbo. Dunia huonyeshwa kambi kwa sababu kambi ni rahisi kupiga picha. Walio wengi kati ya waliohamishwa na vita mashariki ya Kongo hawalali kambini, wanalala kwa watu. Piteni Ndosho au Katoyi, pale Goma. Nyumba ni ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, vyumba viwili. Baba, mama na watoto watano walikuwa humo tangu zamani. Sasa yuko shangazi wa Sake na wanawe, na yuko mama wa Kitshanga asiye na undugu na mtu yeyote humo ndani. Alisimama mlangoni jioni moja mvua inanyesha, akaambiwa ingia. Usiku meza inaegemezwa ukutani, mikeka inatandikwa, magunia ya mchele yanashonwa pamoja yawe mashuka. Asubuhi maji yanaletwa kwa chukudu, skuta ile ya mbao, na kabla ya saa nne dumu liko tupu. Sufuria ya maharage ni ile ile; kilichoongezwa ni maji. Na huyo mwenye nyumba naye kakaukiwa: benki za mji zilifunga milango tangu Januari ile, uwanja wa ndege ukafungwa, mshahara haukuja. Hata hivyo hakumtoa mtu.

Hakuna waziri aliyemwita mama mwenye nyumba ile kwenye mkutano wa wafadhili. Jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Mimi naamini mbele za Mungu liko juu ya majina yote ya waliotoa mabilioni, kwa sababu wao walitoa kilichobaki na yeye alitoa kitanda chake.

Sasa niseme na wengine, na mnivumilie nikiwa mkali. Wewe mwenye vyumba vya kupangisha, uliyesikia mizinga Sake ukaanza kupiga hesabu. Chumba ni kile kile, bati ni lile lile linalovuja, ila kodi umeipandisha maradufu na garanti unadai ya miezi sita, kutoka kwa mtu aliyefika kwako na ndala ya mguu mmoja. Wewe mwenye shamba upande wetu wa Ziwa Tanganyika, huku Kigoma, unayemwita mkimbizi alime kuanzia alfajiri, na siku ya malipo unamkumbusha kwamba hana kibali cha kutoka kambini na kwamba unamjua mkuu wa kituo. Wewe mfanyabiashara unayeegesha pikipiki nje ya ghala siku ya mgao na kununua unga wa mjane kwa bei ya kutupa, ukijua mtoto wake ana homa na dawa anaihitaji leo. Na wewe mwanamume unayempa binti wa miaka 15 simu na sahani ya chipsi, kisha unajiita msamaria. Hamkufyatua risasi hata moja. Vita vimewalipa tu. Nabii Amosi, mchungaji yule wa Tekoa, aliwakemea watu wa namna yenu waliomuuza maskini kwa thamani ya viatu, na wala hakuwauliza kama wanasali. Walikuwa wanasali sana.

Kule kambini kabla Goma haijaanguka, akina mama walikwenda msitu wa Virunga kutafuta kuni, wakabakwa na wenye silaha, na wengi wao wakarudi msituni humo humo, maana maharage hayaivi kwa maombi. Nataka kila mhubiri anayesoma maneno haya ajiulize: jumla ya mahubiri yangu yote juu ya huruma, imenunua magunia mangapi ya makaa?

Sisi wa Kigoma hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Watu wengi wa Ujiji wana mababu waliovuka kutoka Manyema. Na yapo mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara ya gari. Makumi ya maelfu walijaa ufukweni. Waliyachota maji ya ziwa, wakayaoga, wakayanywa, wakajisaidia kando yake, na mwezi wa Mei kipindupindu kikaingia. Kiliua wageni na hakikuwaacha wenyeji. Ndipo MV Liemba ikaitwa. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa huku vipande vipande kwa kazi za ukoloni, Wajerumani wakaizamisha wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikaibuliwa. Uzeeni ikapewa kazi bora kuliko zote ilizowahi kufanya. Kagunga hakuna gati, kwa hiyo inatia nanga nje, mitumbwi inaleta watu hadi ubavuni, vikongwe wanapandishwa kwa kushikwa makwapa, watoto wanarushwa kutoka mkono hadi mkono. Watu 600 hivi kwa safari moja hadi Kigoma mjini, kisha uwanja wa Lake Tanganyika, kisha basi la Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini.

Kabla ya hapo ilikuwa Ngara. Tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo lilianza kupitisha Wanyarwanda, na kwa muda wa saa 24 walikuwa wameshavuka kiasi cha 250,000. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji yetu mingi. Na zamani zaidi, wakati wa vita ya Hitler, Wapolandi wapatao 5,000 waliletwa Tengeru karibu na Arusha, wanawake na watoto kwa wingi, wakalima, wakasoma, wakazikana. Makaburi yao yapo mpaka sasa. Nawataja hao kwa makusudi. Yupo kijana anayedhani kukimbia vita ni ugonjwa wa Waafrika.

Tukishachoka na wageni, tunayo methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naikubali methali hii kwa moyo wote. Ila anayeamriwa humo ni mwenyeji! Yeye ndiye wa kutoa jembe. Sasa sisi tumetoa nini? Mkimbizi wa Nyarugusu haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Masoko ya pamoja, ambako mama wa Kasulu aliuza ndizi zake na mkimbizi akauza sabuni yake, yalifungwa mwaka 2019, na aliyelia kwanza ni yule mama wa Kasulu. Jembe tumelificha, mlango wa soko tumeukomea, kisha tunakaa barazani tunasema wakimbizi wavivu, wanangoja mgao. Huo si ukali wa methali, ni dhuluma iliyovaa kanzu ya methali.

Wazee wetu walijua zaidi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi. Ilikuwa pori, mbung'o wamejaa. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, wanauza ziada na kulipa kodi kama wakulima wengine, hata shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likakabidhi kazi likaondoka. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2014 serikali ikakamilisha kuwapa uraia watu wapatao 162,000 kati ya wale wa 1972 na watoto wao. Leo ukila maharage ya Mishamo huwezi kuonja kwamba yamelimwa na mtoto wa mkimbizi.

Ndugu zetu Waislamu wana somo hili katika misingi ya dini yao. Waliohama Makka walipofika Madina bila kitu, Mtume aliwaunganisha mmoja mmoja na wenyeji, muhajiri na ansari wake, ndugu kwa ndugu. Hapakuwa na kambi. Saad bin Rabii alimwambia Abdurahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Alianza na samli na jibini, akaja kuwa tajiri. Mimi ni Mkristo na kisa hiki hunichoma kila nikisikiapo, kwa sababu mkimbizi wa leo anaomba kitu kile kile alichoomba Abdurahman na sisi tunamjibu kwamba soko limefungwa.

Najua mnachotaka kunijibu. Mtaniambia: mchungaji, Ngara waliingia pia wauaji. Ni kweli. Waliomwaga damu Rwanda mwaka 1994 walijichanganya na watu wao, na kwenye kambi za Goma wakashika hata ugawaji wa chakula. Mtaniambia miti ya Ngara na Karagwe iliisha kwa kuni, visima vikakauka, mifugo ikaibwa. Ni kweli pia, na wakulima wa kule hawakulipwa walivyostahili. Mwenye nyumba ya wageni ana haki ya kudai gharama. Dunia inadaiwa, na kila mbunge wa Kigoma na Kagera angepaswa kuidai bila haya. Lakini mimi nahubiri juu ya raia. Aliyeshika bunduki apelekwe kwenye sheria, anyang'anywe, ahukumiwe. Kazi ya kumchuja ni ya dola, yenye askari na mahakama. Wewe na mimi hatukupewa mamlaka ya kumhukumu mtoto kwa pua yake au kwa lafudhi ya mama yake.

Na hapa naomba tusikimbie neno gumu. Mnyamulenge aliyetoroka Minembwe ni mkimbizi sawa na Mnande aliyetoroka Beni na Mhunde aliyetoroka Masisi. Tarehe 13 Agosti 2004, Gatumba, mpakani mwa Burundi na Kongo, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa usiku kambini, wamelala. Walikuwa wageni wa mtu. Anayewalisha wakimbizi wa kabila lake na kuwazomea wa kabila jingine hajaanza hata kumtii Mungu, anatii ukoo. Hilo hata wapiganaji wanalifanya.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya dini, na raia wa kawaida halazimiki. Analazimika. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa mwaka 1981 una jambo ambalo mikataba mingi ya wenzetu haina: sura nzima ya wajibu wa mtu binafsi. Ibara ya 28 inamtaka kila mmoja amheshimu na kumjali mwenzake bila ubaguzi. Haikuishia kwa rais wala kwa shirika. Viongozi wa Afrika waliandika hivyo wakijua kwamba bara hili halijawahi kuokolewa na ofisi. Siku ya mabomu mtu hukimbilia mlango wa karibu, na nyuma ya mlango huo yuko raia.

Basi tufanye nini? Mwenye nyumba, kodi ibaki pale ilipokuwa kabla ya vita, na garanti ipokee kidogo kidogo. Mwenye shamba, mlipe kibarua wako jioni ya siku hiyo hiyo, kiwango kile kile cha mwenyeji. Torati iliagiza hivyo kabla jua halijazama, na jua la Kasulu linazama kama la Kanaani. Makanisa na misikiti, tafuteni kwanza nyumba zilizopokea watu, kwa sababu zenyewe zinakaribia kuanguka, mzipelekee unga, mafuta, makaa na godoro moja zaidi. Acheni kukusanya mitumba iliyochanika na viatu vya visigino. Waulizeni akina mama waliofika wanachohitaji nanyi mtasikia: sabuni, chumvi, sufuria yenye mfuniko, pedi, dumu, vocha ya simu ya kumtafuta mume aliyepotelea njiani. Wahasibu wa usharika, wekeni fungu la wakimbizi kwenye bajeti ya mwaka mzima, lisingoje Jumapili maalumu wala picha za televisheni. Na ninyi mlio na sikio la wakubwa wa wilaya, msiwaombe hisani. Waombeni soko lifunguliwe.

Mkiwa hamna pesa, mnao mdomo. Mgeni hajui zahanati ipo wapi, hajui nauli halali ni kiasi gani, hajui mwenyekiti wa mtaa anapatikana saa ngapi. Kutembea naye asubuhi moja kunatosha kumwokoa na matapeli watatu.

Kisha waangalieni watoto. Katika mtaa wako sasa hivi, kama uko popote kati ya Bunia na Kigoma, yuko mtoto aliyekimbia vita ambaye hajakaa darasani tangu alipofika, anayelea mdogo wake mchana kutwa. Mjue jina. Shule zikifunguliwa, simama na mama yake mbele ya mwalimu mkuu, useme unamfahamu, na usitoke ofisini humo kabla hajaandikishwa. Daftari na sare, gawaneni nyumba tatu au nne za mtaa wenu. Anzeni wiki hii.